Kilo za Gunia Tupu

Alhamisi, saa kumi na robo, nimejifungia ghalani.
Simu nimeiegemeza kwenye mizani,
maana nyumbani kuta ni za udongo na masikio ni ya shangazi.
Nje, ukungu wa Juni umeshuka Newala
mpaka mnara wa simu umebaki miguu tu.

Kiduara cheupe kinazunguka. Kinazunguka.
Kisha uso: mama wa makamo, miwani, kalenda ya benki ukutani.
"Naitwa Leokadia. Niko Mwanza. Unanisikia?"
Nakusikia.
"Nami nakusikia."
Hapo ndipo nilipotaka kukata.
Nilijiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho.

Akaanza taratibu, kama mtu anayevua viatu mlangoni:
kwa sifuri mpaka kumi, wiki hii hofu ilikuwa ngapi?
Nikacheka. Mama wa watu hakujua kwa nini.
Mimi Somoe binti Chilumba, karani wa chama cha msingi,
misimu tisa nasoma kilo za korosho za watu;
wazee wananikazia macho, "Mwanangu, mshale umetulia?"
na sijamdhulumu mtu hata robo.
Ya kwangu ikanishinda kuisoma.
Nikasema sita.
Akaandika. Sijui aliandika sita,
au aliandika kwamba nimedanganya.

Nikamwambia usingizi. Hilo jepesi.
Nikamwambia mikono inavyokufa ganzi
fuso likiachia upepo wa breki pale kwa Mpelembe, fyuuu,
na mimi tayari niko chini ya meza,
kalamu mdomoni, wakulima wananichungulia.
Nikamwambia mama alinipeleka kwa mwalimu, nikanywa kombe,
na usiku ule nililala kweli. Usiku mmoja.
"Usiku mmoja si haba," akasema, wala hakutabasamu.
Mteremko wa Masasi sikumwambia.
Sikumwambia Sijaona, aliyenipisha dirishani
kwa sababu nilisema nasikia kutapika.

Mtandao ukaganda.
Uso wake ukabaki mdomo wazi, mkono nusu hewani,
na katika ukimya ule nikaiambia picha:
kile kiti kilikuwa chake.
Nikairudia. Magunia yakasikia.
Picha ikashtuka, ikarudi.
"Samahani, ulikatika. Ulikuwa unasema?"
Nilikuwa nasema huku kuna ukungu.

Alinitazama kidogo.
"Nitajie vitu vitano unavyoviona hapo ulipo."
Gunia. Gunia. Gunia. Panya. Gunia.
Safari hii alicheka yeye, na kicheko chake
kilikuwa cha jikoni, si cha ofisini.
"Na huo mzigo, Somoe, unaupimaje?"
Nikamweleza kama ninavyomweleza karani mgeni:
unapima vyote pamoja, halafu unatoa gunia.
Kilo moja kila gunia. Katani ina uzito wake,
inanyonya maji, inashika vumbi la salfa,
lakini si korosho, na mkulima asilipwe wala asidaiwe kwa hiyo.
Akanyamaza. Nikanyamaza.
Nilisikia nilichosema kikinirudia toka bati la paa.
"Leo hatutoi kitu," akasema. "Leo tunapima tu."

Ujumbe ukaingia: bando lako linakaribia kwisha.
Tukaagana haraka haraka, nusu sentensi,
Alhamisi ijayo, saa ile ile, insha—
na kioo kikanionyesha uso wangu mwenyewe,
umechoka, una alama ya gunia shavuni.

Nikakaa. Nikafungua daftari la mapokezi
kwenye ukurasa usio na msimu.
Karani hafuti. Ndivyo tulivyofundishwa:
ukikosea unapiga mstari mmoja, kosa libaki linasomeka,
unaandika sahihi juu yake, unatia saini.
Nikaandika sita.
Nikaikata.
Nikaandika tisa, na pembeni jina langu lote,
kisha nikatafuta vocha ya jero mfukoni
nimtumie na yeye arekebishe lake.